Dakika 90 kando ya Nile: mwongozo wa kupiga seti ya tekno kwenye tamasha kubwa

Umepiga vilabuni Kampala, umepiga kwenye sherehe za nyumbani Bunga na Muyenga, na sasa ujumbe umeingia kwenye simu: tamasha la siku nne upande wa Jinja wanakutaka. Dakika 90, jukwaa la tekno, saa nane usiku. Mwongozo huu ni wa DJ huyo. Anajua kuunganisha nyimbo mbili bila kuzigonganisha, ila hajawahi kusimama kati ya kuta mbili za spika zinazozidi kimo cha nyumba, mbele ya watu ambao mwisho wao hauonekani.

Niseme msimamo wangu mapema: seti ni yako, ila usiku si wako. Kuna aliyekutangulia, kuna atakayekupokea, kuna fundi wa sauti ambaye hajalala tangu juzi, na kuna jenereta. DJ wanaoanguka kwenye majukwaa makubwa ni nadra kuanguka kwa kukosa nyimbo. Wengi walijiandaa kama watu watakaokuwa peke yao pale juu.

Unakwenda kupigia masikio gani

Nyege Nyege, tamasha ambalo limewafungulia njia wengi wetu, lilianza mwaka 2015 ufukweni Njeru, ng'ambo ya mto kutoka mjini Jinja, na mwaka 2022 likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Waanzilishi wake, Arlen Dilsizian na Derek Debru, wanaendesha pia lebo za Nyege Nyege Tapes na Hakuna Kulala. Kupitia lebo hizo dunia ilisikia vitu ambavyo redio zetu zilikuwa zikivipita kando: singeli ya studio ya Sisso kule Dar es Salaam, muziki wa harusi wa Kiacholi aliouingiza Otim Alpha kwenye kompyuta, na bendi ya Nihiloxica inayopiga ngoma za Kiganda pamoja na sintesaiza.

Nayataja haya kwa sababu yanabadilisha kazi yako. Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, na hadi leo sehemu kubwa yake hutembea kati ya mapigo 125 na 145 kwa dakika. Kwenye vilabu vingi vya Ulaya, 145 ni kasi ya kutosha. Hapa mtu aliye mbele yako huenda ametoka sasa hivi kwenye jukwaa la jirani ambako singeli ilikuwa imepita 200 na inaelekea 300. Huwezi kumshtua kwa kasi. Unachoweza kumpa ni uzito na subira, dundo moja linalorudi na kurudi mpaka mwili ukubali wenyewe. Tekno ikipigwa kwa papara Jinja inasikika kama singeli iliyochoka.

Hatua ya 1: Jibu mwaliko kwa maswali

Swali la kwanza ni la siku. "Jumamosi saa nane usiku" ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, au wa Jumamosi kuamkia Jumapili? Ratiba za matamasha huhesabu siku kuanzia jua linapotua, wewe unahesabu kwa kalenda ya simu, na kati ya hesabu hizo mbili kuna watu waliofika Jinja wakakuta seti yao ilikuwa jana. Andika hivi: "usiku wa Ijumaa tarehe fulani kuamkia Jumamosi, 02:00", kisha uombe jibu la maandishi.

La pili: nani anapiga kabla yangu na nani baada yangu? Tutarudi hapo, kwa kuwa nusu ya uchaguzi wa nyimbo zako hutegemea jibu hilo.

La tatu ni vifaa. Tuma raida, yaani orodha ya unavyohitaji, na iwe ukurasa mmoja tu. Kwa seti ya kawaida ya tekno inatosha kuandika: mashine tatu za kuchezea nyimbo, CDJ-3000 au CDJ-2000NXS2, zote za aina moja na zimeunganishwa kwa waya wa mtandao, mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, ya DJM-900NXS2, DJM-A9 au DJM-V10, monita mbili, yaani spika zako mwenyewe za kujisikilizia, zilizoinuliwa hadi usawa wa masikio, ambazo wewe mwenyewe unaweza kupandisha na kushusha sauti yake, na meza isiyoyumba. Kama utakuja na mashine ya ngoma, taja ukubwa wake, soketi ngapi inahitaji na itaingia kwenye chaneli ipi ya mikisa. Aina ya mashine unaijali kwa sababu ya flashi yako. Mashine kongwe kuliko hizo hazisomi mafaili ya FLAC, na ukiligundua hilo ukiwa jukwaani huna la kufanya.

Kisha fedha. Omba nusu kabla ya siku yenyewe, iwe kwa benki au kwa simu, na nusu iliyobaki iwe na tarehe. Uliza kama seti itarekodiwa au kurushwa mtandaoni na nani atamiliki rekodi. Uliza kama kuna kodi itakayokatwa kwenye malipo yako, hasa kama unatoka nje ya Uganda. Msanii mwenye haya ya kuuliza haya yote huishia kudai madeni kwenye vikundi vya WhatsApp.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo kwa ajili ya spika

Wimbo uliokuwa mtamu kwenye hedifoni unaweza kufa kabisa uwanjani, na mara nyingi kinachouua ni besi. Mtetemo wa hezi 50, eneo ambalo madundo mengi ya tekno hukaa, una wimbi lenye urefu wa karibu mita saba. Chumba chako hakina nafasi ya kulipima, na hedifoni zinalipeleka moja kwa moja sikioni bila kukuonyesha litafanya nini hewani. Zaidi ya hapo, spika za besi za majukwaa makubwa mara nyingi hupewa upande wa kushoto na wa kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa sauti moja. Kama aliyetengeneza wimbo aliitandaza besi pande mbili kwa mbwembwe, pande hizo zikikutana zinaweza kufutana. Wewe utaona taa za mikisa zinacheza. Watu watasikia matoazi peke yake.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Weka kompyuta yako kwenye mono, yaani pande zote mbili ziwe sauti moja, sikiliza dundo, rudisha stereo, sikiliza tena. Wimbo ambao besi yake inanyauka kwenye mono uuache nyumbani, hata kama unaupenda. Na usibebe kitu ulichokivuta kwenye video za YouTube. Spika kubwa hazisamehi: sauti za juu zitakwaruza kama mchanga kwenye meno, na fundi atashusha sauti yako yote ili kuokoa masikio ya watu. Nunua WAV au AIFF, au angalau MP3 ya kilobiti 320. AIFF ina faida ndogo kwamba inahifadhi vizuri jina la msanii na picha.

Sasa idadi. Ukiupa kila wimbo kama dakika nne za uhai, dakika 90 zinataka nyimbo 22 au 23. Beba 70. Usizidishe hapo, DJ mwenye nyimbo 4,000 kwenye flashi hutumia seti nzima akisoma skrini. Na usizipange kwa aina ya muziki, zipange kwa kazi. Mimi hutumia mafaili matano: za kufungua, za kushikilia, za kupandisha, za kupumzisha, na za dharura. Faili la kushikilia ndilo liwe nene kuliko yote. Hizo ni nyimbo ambazo hakuna anayezikumbuka kesho yake, hazina kilele wala sauti ya mwimbaji, lakini ndizo zinazobeba jukwaa. Anayejaza flashi kwa vilele vitupu humaliza hadithi yake dakika ya 25.

Halafu kuna suala la nyumbani. Umati wa Jinja unafurahi ukisikia tekno imekubali kwamba iko Afrika Mashariki, lakini haufurahii mchanganyiko wa kulazimisha. Hapa hesabu inasaidia. Tekno ya mapigo 140 na singeli ya 280 zinakanyagana sawasawa: kila dundo moja la kwanza ni madundo mawili ya pili. Tekno ya 134 na wimbo wa 201 hukutana kwa uwiano wa mbili kwa tatu, na mkutano huo una mvuto wa ajabu ukiuacha kwa sekunde 20 au 30 kisha ukatoka. Bakisimba ya Waganda huligawa pigo kwa tatu, kwa hiyo ukiilaza juu ya dundo kavu la tekno utapata kile kinachowafanya watu waanze kuchezesha kiuno badala ya kutikisa kichwa. Fanya mara moja au mbili kwenye seti nzima. Ukifanya mara sita unakuwa mwalimu wa muziki, na hakuna aliyelipa kiingilio kuja darasani.

Onyo moja la kiufundi: rekodi ya ngoma zilizopigwa kwa mikono haikubali gridi, yaani mistari ya kuonyesha kila pigo lilipo. Programu ya rekordbox, ile ya kupangia nyimbo za DJ, itachora mistari yake kwa kujiamini kabisa, na itakuwa imekosea, maana mpigaji ni binadamu, anapanda akichangamka na kushuka akipumua. Kitufe cha kulinganisha kasi kwa mashine kitakuponza hapo. Rekebisha gridi kwa mkono nyumbani, pigo kwa pigo, au kata kipande kifupi kilichotulia ukizungushe kama lupu. Au ulinganishe kwa sikio, kama ilivyokuwa ikifanywa kabla ya vitufe.

Hatua ya 3: Flashi tatu

Mbili zenye kitu kilekile kabisa, ya tatu yenye nyimbo 30 muhimu tu, na hiyo ya tatu isikae begi moja na wenzake. Zote ziwe kwenye mfumo wa FAT32, kwa sababu huo unasomwa na mashine zote utakazokutana nazo. Zisafirishie nyimbo kupitia rekordbox. Ukiburuta mafaili tu kutoka kwenye kompyuta, mashine itazicheza lakini hutaona alama zako wala gridi. Baada ya hapo nenda kwenye klabu yoyote ya rafiki saa za mchana, chomeka kila flashi, fungua nyimbo kumi bila mpangilio. Flashi ambayo haijajaribiwa kwenye mashine halisi ni matumaini tu.

Hatua ya 4: Mashine ya ngoma, kama utaibeba

Waulize waandaaji kama wanakutaka kama DJ au wanataka seti ya mashine tupu, yaani muziki wako mwenyewe unaojengwa palepale kwa sintesaiza na mashine za ngoma. Kama hii ni mara yako ya kwanza kwenye jukwaa la ukubwa huo, ushauri wangu ni njia ya kati: mashine za DJ pamoja na mashine moja ya ngoma pembeni. Jeff Mills wa Detroit amejulikana kwa miaka mingi kwa kufanya hivyo na Roland TR-909, mashine iliyotoka mwaka 1983. TR-909 yenyewe leo ni ghali na ni nadra, lakini TR-8S au Digitakt ya Elektron hufanya kazi hiyo vizuri na huingia kwenye begi la mgongoni.

Ichukulie kama mashine nyingine ya DJ. Iandalie midundo minane, si 80. Usitegemee waya wa kulinganisha kasi kati yake na mikisa, kwa kuwa makabidhiano jukwaani huwa ya dakika chache, gizani, na waya huo ndio wa kwanza kusahauliwa. Weka kasi kwa namba, ianzishe kwa kidole, isukume kwa sikio. Na kuna kanuni moja isiyovunjwa: madundo mawili ya chini hayakai kiti kimoja. Mashine ikipiga dundo, kata besi ya wimbo. Wimbo ukirudisha dundo lake, mashine ibaki na matoazi na makofi.

Anayekuja na kompyuta mpakato na programu ya muziki ya Ableton Live ana mzigo wake mwingine: azime Wi-Fi, azime masasisho, achukue kadi ya sauti yenye milango ya kutosha, na aombe kisanduku cha DI, cha kuunganishia kompyuta na mfumo wa sauti, chenye swichi ya kukata waya wa ardhi, la sivyo seti yake itafunguliwa na mngurumo wa umeme.

Hatua ya 5: Umeme na maji

Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50, plagi ya miguu mitatu bapa kama ya Uingereza. Soma kibandiko cha kila chaja uliyonayo. Kikisema "100–240V" huna shida. Kifaa kilichonunuliwa Japani au Marekani kikisema volti 100 au 120 tu, kinataka transfoma, si adapta ya plagi. Adapta haibadilishi volti, inabadilisha umbo la miguu tu, na kifaa kitaungua kikiwa kimechomekwa vizuri.

Jukwaani utakuwa kwenye jenereta. Taa kubwa zikiwaka zote kwa pamoja, volti zinaweza kushuka kwa kitambo, na mashine ya ngoma isiyo na betri inaweza kuzima na kurudi ikiwa imesahau kila kitu. Omba laini ya sauti iwe tofauti na ya taa. Beba UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya vifaa vyako, na soketi ndefu yako mwenyewe yenye kinga.

Kuhusu maji: mvua za pili za mwaka huku huanza Septemba na kufika Novemba, na Nile iko hatua chache tu kutoka ulipo. Beba kipande cha turubai cha kufunika meza nzima. Waya wowote unaoshuka kwenye soketi uachie tumbo chini yake, ili tone la mvua linalofuata waya lidondokee ardhini badala ya kuingia kwenye umeme. Taa nayo huvuta wadudu wa mtoni kwa maelfu, na wanapenda hasa kuingia kwenye vitelezi vya mikisa. Taa ndogo nyekundu ya mezani huwavuta kidogo kuliko nyeupe.

Hatua ya 6: Safari

Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, kupitia Mukono, Lugazi na msitu wa Mabira. Siku ya tamasha usihesabu kilomita. Malori, mabasi ya wahudhuriaji na ajali moja ndogo ndani ya Mabira vinaweza kukula nusu siku. Ondoka asubuhi hata kama unapiga usiku wa manane. Kuku wa soko la njiani la Namawojjolo na gonja, ndizi za kuchoma, wanaruhusiwa, tena nawapendekeza, ila kula dirishani ukiwa umelikumbatia begi lenye flashi. Na usimpe bodaboda sintesaiza, hata akuapie.

Wanaotoka Kenya au Tanzania wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pamoja na orodha ya vifaa yenye namba za kila kimoja, waionyeshe mpakani Busia, Malaba au Mutukula wakati wa kuingia. Lengo ni kwamba wakati wa kurudi asitokee ofisa wa kudai umenunua mashine hizo Uganda.

Ukifika, lala. Usiogelee kwenye maji yaliyotulia kando ya mto. Kichocho kipo, na huu si wakati wake. Jipake dawa ya mbu jioni.

Hatua ya 7: Rafiki yako ni fundi

Nenda jukwaani angalau saa tatu kabla ya zamu yako, ukiwa mikono mitupu. Msalimie fundi wa sauti kabla ya kumwambia lolote. "Ssebo, habari za kazi" inatosha, na kama unajua Kiganda kidogo huu ndio wakati wa kukitumia. Muulize mambo matatu: kikomo cha sauti kiko wapi, monita zinashushwaje, na nani wa kumwita umeme ukikatika. Mletee maji. Fundi aliyeletewa maji saa sita usiku atakuwa macho saa nane.

Kisha shuka uwanjani usikilize seti ya mwenzako ukiwa katikati ya watu, halafu ukiwa nyuma kabisa. Sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde. Aliye mita 40 kutoka kwenye spika analisikia dundo limechelewa kama sekunde 0.117, na kwa muziki wa mapigo 128 kwa dakika hiyo ni robo kamili ya pigo. Kwa hiyo makofi ya watu wa nyuma yatakufikia yamechelewa maradufu, na ukijaribu kuyafuata utaharibu kila kitu. Kwa sababu hiyohiyo usiunganishe nyimbo kwa kusikiliza spika kubwa. Sikiliza monita na hedifoni tu. Monita zikifa, vaa hedifoni masikio yote mawili na uendelee.

Kwenye mikisa, taa nyekundu ni adui. Ukisukuma hadi nyekundu sauti haiongezeki. Kikomo cha fundi kinaibana, dundo linapoteza ngumi yake, na muziki unakuwa bapa. Kaa katikati ya kijani na machungwa. Ukitaka zaidi, mwonyeshe fundi kidole juu. Hiyo ni kazi yake.

Vaa vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifunika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kwa kumbi za muziki unaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100, na wewe uko karibu na spika kuliko mtu yeyote aliyekata tiketi.

Hatua ya 8: Dakika 90

Panda jukwaani dakika 20 kabla. Chomeka flashi yako kwenye mashine ambayo mwenzako haitumii, kwa ruhusa yake. Usiguse kitu kingine. Muulize wimbo wake wa mwisho ni upi na unaishaje.

Wimbo wako wa kwanza ndio pekee unaopaswa kuwa umeupanga kabisa, lakini panga mitatu. Mmoja ni wa kutumia kama mwenzako ameacha uwanja umejaa na una joto: hapo usivunje kitu, ingia chini yake kwa matoazi, shika kasi yake, badilisha besi baada ya mapigo 64. Kwa kasi ya 128 hizo ni sekunde 30 kamili, unaweza kuzihesabu kwa pumzi. Mwingine ni wa kama ameishia kwenye singeli ya 280: ingia na 140, uanze na dundo tupu, bila sauti yoyote ya kati, uwaache watu wagundue wenyewe kwamba mguu wao umepata nafasi ya kupumzika. Wa tatu ni wa kama kumekuwa na kimya, umeme ulikatika au mtu aliongea kwenye maikrofoni dakika tano. Huo uwe na mngurumo mrefu wa kuanzia, bila mdundo, wa kuwaita watu warudi kutoka kwenye foleni ya rolex, chapati ya mayai.

Baada ya hapo, kwa dakika 30 za kwanza, fanya kidogo kuliko unavyotaka. Hapa ndipo wengi hupotea. Moyo unadunda, umati unapiga kelele, na kidole kinatafuta wimbo mkubwa. Kizuie. Wacha wimbo uliopo ufike mahali ambapo wewe mwenyewe umeuchoka kidogo, kisha uupe dakika nyingine moja. Wewe umeusikia mara nyingi nyumbani. Yule aliye uwanjani ndiyo kwanza mwili wake umeanza kuuelewa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Leta matoazi ya wimbo mpya, subiri. Leta sehemu ya kati, subiri. Besi ibadilishwe mwisho, kwa mkono mmoja ukishusha na mwingine ukipandisha, pigo la kwanza la fungu. Ukiwa na chaneli tatu unaweza kuishi na nyimbo mbili kwa dakika tatu nzima, na hapo tekno inaanza kusikika kama wimbo wa tatu ambao haupo kwenye flashi yoyote.

Kati ya dakika ya 35 na 70 ndipo unapoweka vilele vyako, viwili, labda vitatu. Kabla ya kila kimoja kata besi, lakini si kwa muda mrefu. Mapigo 32 bila dundo ni shauku. Mapigo 128 ni ruhusa ya kwenda kununua bia. Mkutano wako na singeli au bakisimba uuweke hapa, baada ya kilele cha kwanza, watu wakiwa wanakuamini tayari.

Ukitazama watu, tazama miguu ya walio pembeni, karibu na vibanda. Mbele watacheza hata ukipiga kengele ya shule. Aliye pembeni akianza kusogea bila kuiacha sahani yake ya muchomo, nyama choma, uko njiani sawa.

Usishike maikrofoni. "Kampala mpo?" haina kazi kwenye tekno, na zaidi ya hayo uko Jinja.

Mashine moja ikigoma, usiikodolee macho. Mashine za kisasa za CDJ zikipoteza flashi huzungusha kipande kifupi cha wimbo ili kusiwe na kimya, na hapo una muda wa kuleta wimbo mwingine kutoka mashine ya pili. Umeme ukikatika wote, shusha vitelezi vyote hadi chini kabla haujarudi. Spika zikiamka ghafla na sauti kamili zinaweza kuungua, pamoja na urafiki wako na fundi.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Dakika 15 za mwisho si zako peke yako. Anayekufuata atakuwa amesimama nyuma yako akiwa na hofu ileile uliyokuja nayo. Mwambie kasi uliyomo na wimbo utakaomaliza nao, na mwachie mashine moja. Kama anapiga taratibu kuliko wewe, shuka mapigo mawili matatu katika nyimbo zako mbili za mwisho. Usimalizie kwa wimbo mkubwa kuliko wote ulionao ili akutane na uwanja unaotoka jasho na kuondoka. Huo ni uchoyo, na mafundi wanaukumbuka. Muda wako ukiisha, umeisha, hata kama watu wanapiga kelele "one more". Ratiba ikisukumwa dakika kumi saa tisa na nusu usiku, kuna mtu wa alfajiri atakayepiga dakika 50 badala ya 60.

Toa flashi kwa kufuata utaratibu wa mashine, usiing'oe. Ndani yake mashine imeandika orodha ya nyimbo ulizopiga kwa mpangilio. Ihamishie kwenye kompyuta kesho yake, kwa sababu waandaaji wanaweza kuiomba kwa ajili ya haki za watunzi, na wewe utaihitaji kujua ni nyimbo zipi za kushikilia zilishikilia kweli. Hesabu waya zako ukiwa bado na tochi: za umeme, za sauti, chaja, soketi ndefu. Kisha mtafute mtu wa malipo kabla hajalala, maana mchana wa Jumapili simu yake haitapatikana.